Kitabu cha Sala na Zawadi Isiyokuwa Zawadi



Juma lililopita, nikizungumzia mambo ya minada, nilitaja kwa kupita tu kitabu kimoja cha sala kilichouzwa kwa zaidi ya dola milioni 13. Sikujua kwamba nimejitia matatani. Kinyozi wangu alisimamisha wembe hewani, nusu ya kidevu changu ikiwa bado na sabuni, akataka nimweleze kitabu hicho kimeandikwa nini ndani yake hata mtu mwenye akili timamu atoe fedha zote hizo. Barua mbili zimeletwa hapa studio. Moja inanituhumu kwamba nimeongeza sifuri.

Sikuongeza. Na kwa kuwa nimeulizwa, leo nitakieleza kitabu hicho, ingawa natangulia kusema kwamba bei yake ndiyo sehemu ndogo kabisa ya habari.

Kitabu chenyewe kiliandikwa kwa mkono, kwa Kilatini, huko Flanders, nchi ambayo leo kwa sehemu kubwa ni Ubelgiji, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 16. Miji ya Ghent na Bruges wakati huo ilikuwa na mafundi wa kazi hii kama vile mji mwingine unavyokuwa na mafundi seremala. Vitabu vya namna hii viliitwa vitabu vya saa, kwa sababu sala zake zilipangwa kwa saa za siku: za alfajiri, za asubuhi, za adhuhuri, mpaka za kulala. Havikuwa vitabu vya padri. Vilikuwa vya mtu wa kawaida wa dini, ila wa kawaida mwenye mali, aliyetaka kusali nyumbani kwake kama watawa wanavyosali. Ndani yake kuna kalenda ya sikukuu za watakatifu, sala za Bikira Maria, zaburi za toba, na sala za kuwaombea marehemu.

Kina karatasi 254. Nasema karatasi kwa mazoea ya ulimi, lakini ni ngozi ya mnyama, iliyokwanguliwa na kusuguliwa mpaka ikawa nyembamba na laini. Ukubwa wake ni kama wa daftari la shule: urefu wa sentimeta 23 hivi, upana 16. Ukikiona kimefungwa hutakishangaa. Kikifunguliwa ndipo utakapoelewa. Kina picha kubwa za ukurasa mzima zaidi ya 60, na pembezoni mwa kurasa fundi ametawanya maua, matunda na wadudu juu ya rangi ya dhahabu, kila ua na kivuli chake, kana kwamba mtu alipita na kapu akadondosha maua kitabuni. Kuna nzi na vipepeo ambao mtazamaji hutamani kuwapunga kwa mkono. Rangi nzuri kuliko zote ya buluu, katika kazi za namna hii, ilisagwa kutoka kwenye jiwe lililochimbwa milima ya Afghanistan, na bei yake ilishindana na ya dhahabu.

Wasikilizaji wetu wa Lamu na Siyu, ambako misahafu iliandikwa na kupambwa kwa mkono, hawatahitaji kuelezwa kwa nini mtu ataabike hivyo kwa ajili ya maneno ya dini.

Kazi hiyo haikufanywa na mtu mmoja. Wataalamu wanatambua mikono ya mafundi kadhaa: Simon Bening wa Bruges, Gerard David ambaye alikuwa maarufu zaidi kwa michoro ya ubaoni, na fundi mwingine ambaye wengi wanadhani ni Gerard Horenbout, mtu aliyekuja kuwa mchoraji wa jumba la kifalme, kwanza kwao na baadaye kwa mfalme Henry wa Nane wa Uingereza. Kuwakusanya mabingwa hao katika kitabu kimoja si kazi ya mnunuzi wa kawaida. Bila shaka aliyekiagiza alikuwa mtu wa ikulu au wa karibu na ikulu. Lakini hakuweka jina lake, na wataalamu mpaka leo wanabishana juu yake.

Tuiruke miaka mingi. Katika karne ya 19 kitabu kiko Vienna, mji mkuu wa Austria, mikononi mwa ukoo wa Rothschild. Hao ni Wayahudi, mabenki wakubwa, waliokopesha wafalme na kujenga reli. Basi kitabu cha Wakatoliki kilitunzwa na Wayahudi, tena kikatunzwa vizuri kiasi kwamba rangi zake hazikuchuja. Kikarithiwa, mpaka kikafika kwa Baron Louis Nathaniel de Rothschild, aliyezaliwa mwaka 1882, bwana mpenda farasi na mcheza polo.

Hapo ndipo habari yetu inapoanza hasa.

Tarehe 12 Machi 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Baron Louis alijaribu kuondoka kwa ndege. Uwanjani akanyang'anywa pasi. Muda si mrefu akakamatwa. Alishikiliwa Hoteli Metropole, ambayo polisi wa siri wa Hitler, Gestapo, walikuwa wameigeuza kuwa makao yao makuu. Alikaa kizuizini zaidi ya mwaka mmoja. Aliachiwa mwaka 1939 baada ya kutia saini kuachilia mali zake, kisha akaenda zake Marekani. Naomba usiisahau saini hiyo, msikilizaji, maana haikuwa ya mwisho.

Wakati yeye amefungiwa hotelini, jumba lake la barabara ya Prinz-Eugen lilifunguliwa ofisi. Adolf Eichmann, yule aliyekuja kunyongwa Israel mwaka 1962 kwa sehemu yake katika mauaji ya mamilioni, aliweka humo idara ya kushughulikia uhamiaji wa Wayahudi. Myahudi aliingia mlango mmoja akiwa na nyumba, duka na akiba benki. Alipita meza hii, akapita meza ile, huku saini, kule muhuri. Alipotokea upande wa pili hakuwa na kitu chochote isipokuwa pasi ya kusafiria na amri ya kuondoka nchini. Yote kwa maandishi! Watu hudhani wizi mkubwa hufanywa usiku, kwa kuvunja dirisha. Huu ulifanywa saa za kazi, na kila aliyeporwa alitia saini.

Vitu vya thamani vya ukoo huo, michoro, saa, samani, zulia, silaha za kale, vilichukuliwa. Kitabu cha sala nacho kikachukuliwa. Kiliishia katika Maktaba ya Taifa ya Austria, mjini Vienna, rafu yenye namba Series Nova 2844.

Mwaka 1945 Hitler akashindwa. Mwaka uliofuata Austria ikatunga sheria iliyosema kwamba mauzo na makabidhiano yote yaliyofanywa kwa shinikizo la utawala wa Hitler ni batili, kana kwamba hayakufanyika. Ukisikia hivyo utasema, alhamdulillahi, mwenye mali atarudishiwa mali yake. Na kwa karatasi ni kweli, mali zilianza kurudi.

Lakini ngoja.

Austria ilikuwa na sheria nyingine, ya mwaka 1918. Sheria hiyo ilitungwa ufalme wao ulipoanguka, ili mabwana wakubwa waliofilisika wasiiuze nje hazina ya kale ya nchi. Ilikuwa sheria njema, nami naiunga mkono. Natamani nchi nyingi zingekuwa nayo mapema. Ilisema kwamba kitu cha kale cha thamani hakitoki nchini bila kibali. Sasa fikiria hali ya Myahudi aliyekimbilia Marekani. Amerudishiwa vitu vyake kwa sheria ya kwanza. Yeye yuko New York, vitu viko Vienna. Hana nia ya kurudi kuishi miongoni mwa majirani waliompigia kelele barabarani. Anaomba kibali cha kusafirisha. Anajibiwa kwa adabu sana: kibali kitatolewa, mheshimiwa, lakini si kwa vyote. Ukizipatia makumbusho zetu hiki na hiki na kile, kama zawadi, basi hivi vingine utaruhusiwa kuvichukua.

Kitabu cha sala kilikuwa miongoni mwa "zawadi" hizo.

Hapa nitaomba radhi nitoke kidogo Vienna nimtaje shangazi yangu. Alipofiwa na mumewe alitaka kuuza nusu ya kiwanja chake apate ada za watoto. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilimwambia kwamba ramani haitapitishwa mpaka kwanza akubali kuachia kipande cha upande wa barabarani. Kipande hicho ndicho kilichokuwa na thamani. Alihangaika miezi minane. Siku ya mwisho alinichukua mimi, kijana wa sekondari, nikamsomee karatasi aliyotakiwa kuitia dole gumba. Nilisoma kwa sauti: "Mimi niliyetaja hapo juu, kwa hiari yangu, bila kushawishiwa wala kulazimishwa na mtu yeyote..." Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, hiari maana yake nini?" Karani akacheka. Mimi nilinyamaza, na aibu ya kunyamaza kule ninayo mpaka leo. Ndiyo maana nilipoisoma habari ya ile sheria ya Austria, sikuhitaji mwanasheria wa kunieleza.

Basi turudi. Baron Louis alifariki mwaka 1955 akiwa likizo Jamaica, alipokuwa akiogelea baharini. Kitabu kilibaki rafuni Vienna. Na hapa kuna jambo linalonishangaza kuliko yote. Mwaka 1979 wachapaji wa mji wa Graz, huko huko Austria, walitoa nakala ya picha ya kitabu hicho, ukurasa kwa ukurasa, kwa ajili ya maktaba na matajiri. Waliipa jina gani? Kitabu cha Sala cha Rothschild! Jina la mwenyewe lilikuwa juu ya jalada. Hakuna aliyeweza kusema kwamba amesahau mali hiyo ilikuwa ya nani. Jina lilitunzwa kama vile maua ya pembezoni yalivyotunzwa.

Zaidi ya miaka 50 ilipita hivyo tangu vita viishe, na serikali moja baada ya nyingine, za vyama mbalimbali, ziliona hakuna tatizo. Karatasi zilikuwapo. Zilisema zawadi.

Kilichozitikisa karatasi hizo ni mambo mawili, na yote yalitokea mwaka 1998. Kwanza, mwezi Januari, mwendesha mashtaka wa New York alizuia michoro miwili ya mchoraji wa Austria, Egon Schiele, iliyokuwa imeazimwa kwa maonyesho mjini humo, kwa sababu familia mbili za Kiyahudi zilidai kwamba iliporwa kwao. Vienna ikashtuka. Pili, na hili naliona karibu na moyo wangu kwa kuwa ni la watu wa kazi yetu, mwandishi wa habari aitwaye Hubertus Czernin alianza kuchapisha katika gazeti la Der Standard mfululizo wa makala juu ya "zawadi" hizi. Huyo ndiye aliyekuwa miongoni mwa walioianika miaka ya nyuma habari ya Kurt Waldheim, aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa na baadaye Rais wa Austria, kwamba alificha utumishi wake katika jeshi la Hitler. Czernin hakuvunja kabati la mtu. Alisoma mafaili. Katika mafaili ya serikali yenyewe barua zilikuwamo, zikieleza waziwazi kitu gani kilibadilishwa kwa kibali kipi.

Sisi waandishi tunapenda kusifiwa kwa ushujaa. Sehemu kubwa ya ushujaa, kwa niliyoyaona katika miaka yangu, ni kukaa kwenye kiti kigumu ukasoma faili lenye vumbi mpaka mwisho. Czernin alifariki mwaka 2006, akiwa bado hajazeeka.

Waziri aliyehusika, Bi Elisabeth Gehrer, aliamuru nyaraka zifunguliwe, na kabla mwaka 1998 haujaisha bunge likapitisha sheria ya kurudisha vitu vya sanaa. Sheria hiyo ilizitaja zawadi za namna hii kabisa: vitu vilivyokuwa vimerudishwa baada ya vita kisha vikaingia mikononi mwa serikali bila malipo, kwa njia ya maombi ya vibali. Mwezi Februari 1999 ilitangazwa kwamba vitu kama 250 vya ukoo wa Rothschild vitarudishwa. Warithi waliongozwa na Bi Bettina Looram, binti wa ndugu yake Louis. Kitabu cha sala kilitolewa rafuni namba 2844.

Tarehe 8 Julai 1999 vitu hivyo vilipigwa mnada London na kampuni ya Christie's. Jumla ilifikia karibu pauni milioni 58. Kitabu peke yake kilikwenda kwa zaidi ya pauni milioni 8.5, na hakuna kitabu cha mkono kilichopambwa ambacho kilikuwa kimewahi kufikia bei hiyo mnadani.

Barua ya pili niliyoipokea, kutoka kwa mzee mmoja mwalimu mstaafu, inagusa hapo hapo. Anauliza: kama walikipenda kitabu cha baba zao, mbona walikiuza mwaka ule ule? Je, si afadhali kingebaki maktaba, wanafunzi wakakiona, kuliko kuingia kabatini kwa tajiri?

Mwalimu wangu, swali lako ni zito, na huko Austria pia lilisemwa kwa uchungu. Mimi mwenyewe ningependa kitabu kama hicho kiwe mahali penye mlango wazi. Lakini niruhusu nikubishie kwa heshima. Mtu aliyeibiwa ng'ombe, akarudishiwa baada ya miaka 60, hatuna haki ya kusimama zizini kwake kumuuliza kama atamchinja au atamuuza. Hilo ni swali la kumuuliza mmoja wetu aliyeketi na mali yake halali. Mwizi, hata aliyevaa tai, hata aliyemlisha ng'ombe vizuri, hapati kura katika jambo hilo. Na kama Austria ilikitaka sana kitabu kile, ilikuwa na njia moja ambayo haikuijaribu mwaka 1947 wala 1957: kwenda kwa mwenyewe, mkononi ikiwa na fedha, na kusema, tuuzie.

Wala usidhani kitabu hiki kilikuwa peke yake. Maktaba ile ile ya Taifa, kwa sifa yake, ilijikagua yenyewe, na mwaka 2003 ikatoa ripoti iliyoorodhesha vitu zaidi ya 50,000 vilivyoingia humo kwa njia zisizo halali enzi za Hitler. Vingi si vya mabenki. Ni vitabu vya watu wa kawaida, vya daktari, vya mwalimu, vyenye jina la mwenyewe ukurasa wa kwanza, na mwenyewe aliishia kambini pamoja na wanawe, kwa hiyo hakuna aliyebaki wa kupigiwa mlango. Ukoo wa Rothschild ulikuwa na wanasheria na jina linalojulikana dunia nzima, na hata hivyo walingoja nusu karne na zaidi. Sasa piga hesabu ya yule daktari.

Nimalizie safari ya kitabu, kwa ajili ya kinyozi wangu. Aliyekinunua mwaka 1999 hakutaja jina lake, na kwa miaka 15 kitabu kikawa cha siri. Mwezi Januari 2014 kikaibuka tena, safari hii New York, mnadani kwa Christie's wale wale, kikauzwa dola milioni 13.6. Ukilinganisha na bei ya kwanza, ambayo kwa dola ilikuwa karibu milioni 13.4, utaona aliyekiuza hakupata faida ya maana. Angenunua viwanja, angepata zaidi. Mnunuzi mpya alikuja kujulikana kuwa ni Kerry Stokes, tajiri wa vyombo vya habari kutoka Perth, Australia. Naye hakukifungia. Mwaka 2015 kiliwekwa wazi kwa watu Melbourne, na pia Canberra, katika Maktaba ya Taifa ya Australia, ndani ya kabati la kioo, mwanga umepunguzwa ili rangi zisichakae.

Kwa hiyo kitabu kilichoandikwa Flanders, kwa sala za Mkatoliki asiyejulikana, kikarithishwa na Wayahudi, kikaporwa na watu wa Hitler, kikazuiliwa na jamhuri iliyodai imekombolewa kutoka kwao, leo ni mali ya mtu wa Australia. Katika orodha ya wamiliki ambayo wauzaji huichapisha pamoja na kitu kama hiki, miaka ile ya rafu namba 2844 sasa inaelezwa kwa maneno mengine. Neno "zawadi" limeondolewa.

Kuhusu yaliyomo ndani, ambayo ndiyo kinyozi aliuliza hasa: ni sala zile zile ambazo mama yeyote wa Kikatoliki mtaani kwake anazijua, Salamu Maria na zaburi, isipokuwa kwa Kilatini. Nitakwenda kumwambia mwenyewe kesho asubuhi, maana ndevu zangu zina siku nne.

Muda wetu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Tukutane juma lijalo, wakati kama huu.